Nilivyowapangia Wafaransa ziara ya kuonja pombe Serengeti na Tarime, mmoja akaitema ya mama yangu

Wakuu, nawasalimu. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Wa umri wangu tupeane mikono.

Juzi nimesoma humu uzi wa kijana mmoja aliyekwenda Ufaransa na mke wake kutembelea mashamba ya zabibu. Ameeleza vizuri jinsi ya kupanga: u-book mapema, usiende winery nyingi kwa siku moja, usijipake manukato, uwe na dereva asiyekunywa.

Nikacheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akauliza kama ndiyo nimeanza kuchanganyikiwa.

Maana kazi hiyo mimi niliifanya, ila kinyumenyume. Niliwapangia Wafaransa, tena wakulima wenyewe wa zabibu, ziara ya kuonja pombe zetu. Miaka ya Ujamaa, Serengeti na Tarime.

Humu hakuna chai ya kutunga. Pombe ipo, chai hakuna. Wengi waliokuwepo siku ile wametangulia, lakini wachache wapo, na Wakurya hawaoni haya kumsahihisha mtu. Kwa hiyo naandika kwa adabu.

Tuendelee.

Mimi ni mtoto wa Kerende, kule Nyamongo. Nilipomaliza shule ya misheni nikapata kazi hoteli moja ya watalii karibu na geti la Ikoma. Nilikuwa napokea wageni, nawaendesha porini kwa Landrover, nawaonyesha simba. Kiingereza nilikuwa nacho cha kutosha kusema "usishuke kwenye gari".

Wakati huo mpaka wa Kenya haujafungwa bado, wageni wanaingia tu.

Wakaja mume na mke kutoka Ufaransa. Mume nitamwita Bwana Marseli, mke Madamu Odile. Siyo majina yao. Watu wa makamo, mikono migumu kama ya wakulima, maana ndivyo walivyokuwa. Babu wa yule bwana alilima zabibu na kutengeneza divai, baba yake vilevile, naye vilevile. Mume Kiingereza hajui, mke anajua.

Wakaangalia simba siku ya kwanza. Siku ya pili simba. Siku ya tatu Madamu akaniambia, "Mume wangu anauliza, hapa watu wanakunywa nini?"

Nikamwonyesha bia za baa.

Akasema hapana. Anauliza kile ambacho watu wanatengeneza wenyewe nyumbani.

Nikaona huyu mgeni ana akili.

Basi wakakaa na kunieleza jinsi kwao inavyokwenda. Kwamba mtu hafiki tu kwenye nyumba ya divai akapiga hodi. Unatuma habari mapema. Huendi wakati wa mavuno, watu wana kazi. Mwenyeji ndiye anayefungua, ndiye anayeonja kwanza, ndiye anayekuambia anza na hii malizia na ile. Ukiondoka bila kusema neno juu ya ulichoonja umemkosea.

Niliwasikiliza nikawa najisemea moyoni, mbona hawa ni Wakurya.

Kwa vijana mliokulia chupa: pombe ya ulezi haimsubiri mgeni. Ina siku yake. Kabla ya siku yake ni togwa, ikishapita ni siki. Mwanamke anaotesha kimea, anakausha, anasaga, anachachua unga, anaukaanga juu ya moto, halafu ndiyo anachanganya kwenye chungu na kusubiri. Kwa hiyo ukitaka kuonja nyumba zaidi ya moja, unatakiwa uwafuate akina mama mapema na kuwaomba wapishanishe, ya huyu iive leo, ya yule keshokutwa. Hiyo ndiyo booking yetu.

Halafu kuna kibali. Enzi zile mgeni haingii kijijini kienyeji. Nikaenda ofisi ya wilaya, nikamkuta ofisa mmoja mpole aliyeletwa kutoka mkoa mwingine. Nikamwambia ukweli, Wazungu wanataka kuonja pombe.

Akaniangalia, akavua miwani.

"Ndugu Mwita, serikali haiwezi kutoa kibali cha ulevi. Sema wanakuja kujifunza kilimo cha ulezi."

Basi ziara ikawa ya ulezi. Namshukuru yule mzee mpaka leo, maana mwingine angenifukuza.

Nikapanga vituo vitatu. Cha kwanza palepale Ikoma, kwa mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza pombe ya asali. Cha pili Kisaka, kwa mwanamke mmoja maarufu. Cha tatu Kerende.

Sasa hapo kwenye Kerende ndipo penye uzi wenyewe, kwa hiyo nyie mnaosoma huku mnapika, zimeni jiko kwanza.

Mama yangu alikuwa mpishi wa pombe. Siyo mpishi wa kawaida. Kabla hatujahamishwa, harusi ikipangwa, watu walikuwa wanamuuliza mama kwanza kama ana nafasi, ndipo wanataja siku. Amarwa yake, ndiyo pombe ya ulezi kwa Kikurya, ilikuwa inanyweka taratibu, haina papara, wazee wanaishia kuimba badala ya kugombana. Mimi nimesomeshwa na chungu.

Na chungu hicho alikirithi kwa mama yake. Cheusi ndani, kimeiva kwa miaka na miaka ya pombe. Mama alikuwa hakisugui. Alikuwa anakisuuza tu na kukigeuza.

Ikaja kuhama. Serikali ikatutaka tuache miji yetu iliyotawanyika, tukakae pamoja kwenye kijiji kipya, nyumba kwa mstari. Sitaki kuanzisha siasa hapa, kila mtu ana lake kuhusu jambo lile. Kulikuwa na mazuri, shule na zahanati tulipata. Lakini siku ya kuhama vitu vilipakiwa kwenye lori kwa haraka, na chungu cha mama kilipasuka njiani.

Mama akanunua kingine kipya. Akapika. Pombe ikaharibika.

Akapika tena. Ikaharibika tena. Inachacha vibaya, ina ladha ya udongo, inakwama kooni.

Mama akasema, "Ni chungu. Kichanga bado. Kitazoea."

Watu wangemwelewa, kama isingekuwa ile harusi.

Jirani yetu mpya kwenye mstari alikuwa Mama Robi. Kabla ya kuhama hatukuwa tunajuana, walitoka upande mwingine. Naye ni mpishi mzuri wa pombe, lakini kwa desturi mama wa bibi harusi hapiki pombe ya wageni wake mwenyewe, ana mambo mengi siku hiyo. Alipomwoza binti yake Robi, akamwomba mama ampikie. Kwa sifa yake ya zamani.

Mama alimwambia wazi, chungu changu bado kibaya. Mama Robi akadhani ni maringo ya mafundi, akambembeleza. Mama akakubali.

Wakwe wakaja. Wakaketi kuzunguka chungu, wakatia mirija. Wakavuta mara moja. Wakaitoa mirija yao mmoja mmoja, wakaifuta, wakaishika mkononi.

Asiyejua mila yetu hawezi kujua uzito wa kitu hicho. Ni afadhali mtu akutukane.

Mama Robi aliaibika mbele ya wakwe zake, na mtu aliyeaibika anatafuta pa kuiweka aibu. Akakumbuka kwamba mama na yeye walishawahi kupishana maneno juu ya mpaka wa kiwanja. Akasema mama ameiharibu pombe kwa makusudi. Neno la makusudi likatembea siku chache tu, likawa neno la mkono mbaya. Likatembea tena, likawa lile neno lenyewe.

Mchawi.

Kijiji kipya, watu hawajuani vizuri, kila mtu kaondolewa kwenye makaburi ya wazee wake, kila mtu ana hofu yake. Mtoto akiumwa, watu wanatazama nyumba yetu. Mama akienda mtoni wenzake wanamaliza kuchota haraka. Yeye aliendelea kusema ni chungu, mpaka akachoka kusema. Mimi nikasema, ndugu zangu wakasema. Lakini ushahidi wa mtoto kwa mama yake nani anaupima?

Akaacha kupika. Na kwa kweli akaacha na kuongea.

Baba alishafariki. Alikuwa peke yake na wadogo zangu, na mimi niko Ikoma nawaonyesha watu simba.

Kwa hiyo niliposema kituo cha tatu ni Kerende, nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Akafurahi sana kuletewa Wazungu wa ulezi. Akaanza kunitajia nyumba za kuwapeleka. Nikamwambia nataka niwapeleke kwa mama.

Akaacha kutaja nyumba, akasema, "Mura," yaani kijana, "unataka kumwanika mama yako?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema pia kwamba kama pombe ikiharibika mbele ya wageni, watu watataka kikao cha kumhukumu mama kwa uchawi, na yeye hataweza tena kukizuia. Nikaelewa kwamba amekuwa akikizuia. Namshukuru na yeye.

Nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anachambua ulezi. Nikamsalimia, nikakaa, nikamweleza yote, na la kikao nikamweleza.

Aliendelea kuchambua.

"Huyo Mzungu ananijua?"

"Hapana, mama."

"Anajua habari zangu?"

"Hajui."

"Usimwambie. Mlete. Asiyenijua ndiye ninayemtaka."

Na mimi nikaamua kitu kimoja. Wale wageni sitawaambia hata kwamba pale ni kwetu. Mgeni akijua ni kwa mama yako atasifia hata maji ya kuoshea vyombo.

Wageni wakakubali kusubiri mpaka pombe ziive, ndipo safari ikaanza.

Ikoma mambo yalikwenda kama sherehe. Yule mzee aliwapa pombe ya asali kwenye pembe ya ng'ombe, kidogo tu, wakanywa, wakasifu, wakauliza nyuki wanakula maua gani. Mzee akawatajia miti kwa Kiikoma, mimi nikabaki natafsiri "mti fulani, mti fulani mwingine".

Kisaka wakakutana na mirija. Bwana Marseli akapewa mrija mrefu, akaketishwa kati ya wazee, akaambiwa vuta. Wakuu, alivuta. Wazee wakamfundisha kuimba. Jioni tulimpakia kwenye Landrover kama gunia, na Madamu Odile hakusema neno mpaka hotelini.

Nadhani kesho yake alisema.

Kwa sababu tulipoondoka kwenda Kerende Bwana Marseli alikuwa mtu mwingine. Amevaa shati safi, amekaa wima. Madamu akaniambia, "Leo ataonja kikazi." Nikasema vizuri. Kuonja kikazi maana yake nini sikuuliza. Nilidhani ni kunywa kidogo.

Tulivuka mto Mara, tukafika Kerende mchana. Watu walikuwa wamejaa uani kwetu. Wengine walikuja kuona Wazungu, ila wengi walikuja kuona pombe ya mama. Mwenyekiti yupo. Mama Robi yupo, amesimama nyuma na kanga yake kifuani, mikono ameikunja. Wazee wameshazunguka chungu, mirija imeshatiwa, mkubwa wao akiwa Tata Nyamhanga, mzee aliyekuwa haoni vizuri lakini hakuna lililompita.

Wazee hawajavuta bado. Wanamsubiri mgeni.

Mama akachota kwa kata, akatia kwenye kibuyu, akanywa yeye kwanza mbele ya watu wote, kama inavyotakiwa. Nilimwangalia usoni. Sikupata kitu. Halafu akampa Bwana Marseli kwa mikono miwili.

Yule bwana akakipokea kwa heshima. Akanusa. Akakizungusha kidogo, akanusa tena. Akatia mdomoni, akawa anaizungusha mdomoni na kuvuta hewa kwa sauti, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Watoto wakaanza kucheka.

Akageuka pembeni, akatema chini.

Watoto wakaacha kucheka.

Niwaeleze. Kwetu wazee hubariki kwa pombe. Wanaipuliza kutoka mdomoni kama manyunyu, kwa maneno, na ni wazee tu. Hiyo ni kitu kingine. Lakini mgeni kupokea pombe ya mwanamke nyumbani kwake, akaitia mdomoni na kuitema mavumbini mbele ya watu? Maana yake ni moja. Umeona sumu.

Niliona mzee wa kwanza akitoa mrija wake kwenye chungu. Wa pili akatoa. Wa tatu. Kama ilivyokuwa siku ya harusi.

Mwenyekiti akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mura, chukua wageni wako mwende."

Wakuu, nilitaka ardhi inimeze. Nilimleta mtu kutoka Ufaransa aje kummalizia mama yangu. Na Bwana Marseli mwenyewe amesimama, kibuyu mkononi, anatutazama, anaona kabisa kuna jambo, halijui.

Mama ndiye aliyesema.

"Muulize kwa nini ametema. Kama ni mbaya, aseme mbele ya watu. Asiseme njiani."

Nikamuuliza Madamu kwa Kiingereza. Madamu akamuuliza mumewe. Uso wa yule bwana ulibadilika ukawa mwekundu mpaka masikioni. Akavua kofia. Akaongea kwa muda mrefu, mke wake anakimbiza maneno, mimi nakimbiza ya mke wake.

Alisema anaomba radhi. Alisema kwao anayeonja kikazi hutema, kwa sababu akimeza ya kila nyumba atalewa, na mlevi hawezi kusema kweli juu ya kazi ya mtu. Alisema divai ya baba yake aliitema kila mwaka tangu alipofundishwa kuonja, na baba yake alikuwa amesimama pale pale akimsubiri aseme.

Nilipomaliza kutafsiri, Tata Nyamhanga akasema, "Basi aseme."

Mama akatikisa kichwa kukubali. "Aseme."

Hapo niliogopa kuliko wakati alipotema.

Bwana Marseli akaonja tena. Safari hii alifumba macho. Akatema, lakini kwanza aliomba kwa ishara aonyeshwe pa kutemea. Akaenda kwenye chungu, akainama, akanusa mdomo wa chungu. Akagusa ukingo wake kwa kidole.

Akasema. Madamu akasema. Mimi nikasema, neno kwa neno, maana niliapa moyoni nisiongeze hata chumvi:

"Ulezi ni mzuri. Kimea ni kizuri sana. Mkono uliotengeneza ni wa mtu anayejua. Lakini pombe hii siyo nzuri, imechacha vibaya na ina udongo. Ni chombo. Chombo hiki ni kichanga."

Akaongeza kwamba nyumbani kwao walipobadilisha mapipa ya zamani divai ilikataa kwa muda, na baba yake alihangaika sana.

Watu wakageuka kumtazama mama.

Yalikuwa maneno ya mama. Yaleyale aliyoyasema mwanzo, akayarudia mpaka akachoka. Yametoka kwenye kinywa cha mtu asiyejua hata jina lake.

Mama alikuwa amesimama, ameshika kata. Alikuwa anamtazama yule Mzungu tu.

Halafu mwenyekiti, ambaye kazi yake ni kuuliza, akauliza. "Mwita, hukumwambia njiani?"

Swali la haki, siwezi kumlaumu. Nikaapa. Wengine wakaamini, wengine wakaguna. Mzee mmoja akasema mtoto msomi anashindwa nini kumfundisha Mzungu maneno mawili. Mwingine akasema kama ni hivyo, mbona hakumfundisha aseme pombe ni nzuri? Wakaanza kubishana Kikurya, kwa sauti, na Wakurya wakianza kubishana hakuna anayesikia mwenzake.

Katikati ya hayo nikamwona Mama Robi anageuka na kuondoka. Hakumuaga mtu. Nikajisemea basi, huyo hajaamini, na kama yeye hajaamini hakuna aliyeamini.

Mama naye alimwona. Akakaa chini.

Madamu Odile akaniuliza, "Tumefanya kosa?" Ndipo nikamwambia kwamba yule ni mama yangu. Akamwambia mumewe, na Bwana Marseli akakaa chini kwenye vumbi, karibu na mama. Wakakaa hivyo, watu wawili wa kazi moja, hawana lugha.

Ubishi ulikuwa bado unaendelea nilipoona watu wa nyuma wanapisha.

Mama Robi anarudi. Kichwani amebeba chungu.

Cheusi. Kimelowa, bado kina machicha yamegandia pembeni, anapikia mwenyewe hicho. Mnaelewa nasema nini? Kwetu mwanamke hutoa mbuzi, hutoa hata ng'ombe, lakini chungu chake cha pombe haazimi. Hata kwa dada yake haazimi.

Akakishusha mbele ya mama.

"Mama Mwita," akasema. "Pikia humu. Ikiharibika tena, basi mchawi ni mimi niliyekupa."

Mama akaingiza mkono ndani ya kile chungu, akaupitisha taratibu kwenye kuta zake, mpaka chini, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto gizani. Akaanza kulia. Sijawahi kumwona mama akilia, hata siku tuliyomzika baba. Mama Robi akapiga magoti, akamshika bega, naye akaanza.

Na mimi nikalia, wakuu. Nilikuwa nimevaa sare ya hoteli, ina vifungo vya shaba. Nililia hivyo hivyo.

Tata Nyamhanga akapapasa pembeni yake, akauokota mrija wake, akaurudisha kwenye pombe ya mama. Ile ile iliyoharibika. Akavuta kwa muda mrefu. Akakunja uso.

"Ni mbaya kweli," akasema. "Lakini tunywe, tumemkosea."

Wazee wengine wakarudisha mirija. Bwana Marseli akaomba wake. Siku hiyo hakutema.

Wageni waliondoka kesho yake kurudi kwao. Mama akapika kwenye chungu cha Mama Robi. Mimi nikaomba ruhusa hotelini, siku yake ilipotimia nikawa nipo.

Wale wale wazee, ua ule ule. Mama akaonja. Mama Robi akaonja wa pili, kabla ya mwanaume yeyote, jambo ambalo si la kawaida, na hakuna aliyemzuia. Akameza. Akafumba macho.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitaka kwenye harusi ya mwanangu," akasema.

Wazee waliimba mpaka jioni.

Kikao hakikuitishwa tena. Mama Robi mwenyewe alizunguka nyumba kwa nyumba kwenye ule mstari, akilirudisha lile neno mdomoni mwake, na kulirudisha ni kazi kubwa kuliko kulitoa. Mama alipika pombe za kijiji kile kwa miaka mingi. Chungu chake kipya kilizoea baadaye, kama alivyosema. Lakini cha Mama Robi waliendelea kukitumia wote wawili, mmoja anapokea kwa mwenzake, na mama alipofariki Mama Robi ndiye aliyepika pombe ya matanga yake. Nilivuta mrija wangu siku ile nikaijua. Ilikuwa amarwa ya mama.

Sasa niseme nilichojifunza, nisiwachoshe.

Kuhusu ziara: tuma habari mapema, fuata siku ya pombe na siyo siku yako, na mgeni wako muulize vizuri anaonjaje. Hilo la mwisho lingeniokoa presha.

Lakini kubwa ni hili. Nimeishi na watu wenye adabu maisha yangu yote. Wengi walikunywa pombe ya mama kipindi kile, wakameza, wakasema asante mama, halafu wakaenda kusema mengine barabarani. Aliyemwokoa ni yule aliyetema, akamwambia machoni pake kwamba ni mbaya, na kwa nini ni mbaya. Angekuwa mgeni mwema wa kumeza na kutabasamu, mama yangu angekufa akiitwa mchawi.

Hadi mpaka wa Kenya unafungwa sikuwaona tena wale watu, na sikupata njia ya kuwatafuta. Bwana Marseli aliondoka akijua amekosea adabu kwenye ua wa watu, akaomba radhi, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia zaidi ya hapo. Ndiyo maana namshukuru hapa, kwa lugha asiyoijua. Namshukuru na Mama Robi, maana kusema kweli ni kazi, lakini kurudi na chungu kichwani mbele ya watu uliowaambia uongo ni kazi zaidi.

Nyie mliokulia kwenye nyumba za pombe, iwe mbege, ulanzi, wanzuki au chochote, leteni yenu hapa chini. Na kama kuna mtu unayemkwepa mtoni kwa sababu ya neno ulilosikia, usini-comment mimi. Nenda kwake kwanza, uonje.